Kikombe cha nyonga bandia kimekaa sawa? Eksirei, CT-scan na miwani ya uhalisia pepe, kipi kipime nini

Madaktari vijana wanaosomea mifupa hapa Dodoma wananiuliza kama ipo haja ya hospitali za kanda ya kati kununua miwani ya uhalisia pepe kwa ajili ya kupima mkao wa nyonga bandia. Wameona video zake kwenye simu: mtu amefunikwa macho, ameshika vidhibiti viwili mikononi, analigeuza fupanyonga la mgonjwa hewani na kusoma nyuzi za kikombe. Inavutia, na si ujanja wa kamera. Teknolojia ipo na inafanya kazi. Jibu langu ni kwamba yategemea unataka ipime nini, maana kazi ya kupima mkao ina sehemu tatu zisizofanana: kukagua baada ya upasuaji, kupanga kabla ya upasuaji, na kuufundisha mkono wa anayejifunza. Katika kukagua, miwani inashindwa na picha ya kawaida ya eksirei. Katika kufundisha, sioni kingine kinachoifikia teknolojia hii ya uhalisia pepe.

Nyuzi tunazozitafuta

Kikombe cha nyonga bandia hukaa ndani ya tundu la fupanyonga, na kichwa cha duara kilicho juu ya shina la paja huzunguka ndani yake. Mkao wa kikombe hutajwa kwa pembe mbili. Ya kwanza ni mwinamo: ukimtazama mgonjwa kwa mbele, kikombe kimelala au kimesimama kiasi gani. Kikisimama mno, kichwa huegemea ukingoni, plastiki ya ndani huliwa upesi na nyonga huweza kuchomoka. Ya pili ni mgeuko: mdomo wa kikombe unaelekea mbele kiasi gani. Mgeuko ukiwa mdogo mno, nyonga huchomokea nyuma mtu anapoinama au kuchuchumaa. Ukizidi, huchomokea mbele anapopeleka mguu nyuma na kuuzungusha nje.

Mwaka 1978, nchini Marekani, Lewinnek na wenzake walichunguza nyonga 300 wakapendekeza mwinamo wa nyuzi 40 na mgeuko wa nyuzi 15, kila pembe ikiruhusiwa kupungua au kuzidi kwa nyuzi 10. Ndani ya eneo hilo nyonga zilizochomoka zilikuwa asilimia 1.5, nje yake, asilimia 6.1. Wapasuaji wengi duniani wamelelewa na namba hizo. Lakini kuzifikia si rahisi. Watafiti wa Massachusetts General, hospitali kubwa ya Boston, walipima nyonga 1,823 na kuchapisha matokeo mwaka 2011: takriban nusu tu ndizo zilizokuwa ndani ya mipaka yao kwa pembe zote mbili. Na hata ukizifikia, hujapata kinga kamili. Mwaka 2016 watafiti wa Mayo Clinic walizitazama nyonga 206 zilizochomoka, wakakuta katika asilimia 58 kikombe kilikuwa ndani ya eneo la Lewinnek.

Kwa hiyo kabla hujalipia kifaa kinachosoma nusu ya digrii, kumbuka kwamba pembe ya kikombe ni sehemu tu ya sababu zinazoifanya nyonga itulie au ichomoke.

Eksirei: ya bei nafuu, na inadharauliwa bila haki

Picha moja ya fupanyonga iliyopigwa kwa mbele inatosha kupima mwinamo. Chora mstari unaogusa chini ya alama mbili za chozi (vivuli vyenye umbo la tone la chozi karibu na kila tundu la nyonga), au chini ya mifupa miwili ya kukalia. Chora mwingine unaofuata upana wa mdomo wa kikombe. Soma pembe kati yao. Mgeuko nao unapatikana. Mdomo wa kikombe ni duara, lakini kwenye picha huonekana umebanwa kama yai. Pima upana wake mrefu na upana wake mfupi, gawa mfupi kwa mrefu, kisha tafuta pembe ambayo sine yake (sin kwenye kikokotoo) ni jibu hilo. Mathalani upana mrefu ukiwa milimita 52 na mfupi milimita 13.5, uwiano ni 0.26, na pembe ni nyuzi 15. Kwa kuwa unatumia uwiano, ukuzaji wa picha hauharibu hesabu. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Udhaifu wake nao ni wa kweli, na ni mitatu. Kwanza, picha ya mbele peke yake haikuambii kama mdomo wa kikombe umeelekea mbele au nyuma. Yai ni lilelile. Hapo unahitaji picha ya pili ya ubavuni, mgonjwa akiwa amelala chali na mionzi ikipita mlalo kuvuka meza. Pili, fupanyonga lenyewe huinama. Kila digrii moja ya kuinama kwake hubadilisha mgeuko unaousoma kwa karibu digrii 0.7. Mgonjwa ambaye fupanyonga lake limelala tofauti kwa nyuzi 10 kati ya picha ya leo na ya miezi sita ijayo ataonekana kana kwamba kikombe chake kimehama kwa nyuzi 7, ilhali hakijasogea hata kidogo. Tatu, mionzi hutawanyika: ukiilenga katikati ya fupanyonga mara hii, na katikati ya nyonga yenyewe mara nyingine, mgeuko utatofautiana kwa nyuzi kadhaa.

Dawa ya udhaifu huo ni utaratibu mmoja usiobadilika. Miguu igeuzwe ndani kwa nyuzi 15 kila mara, mionzi ilengwe mahali palepale kila mara, na fomu ya kuomba picha iseme hivyo kwa maandishi. Mtaalamu wa mionzi akielezwa kwa nini, anafanya. Karatasi moja ya maelekezo iliyobandikwa kwenye chumba cha eksirei itaboresha vipimo vya nyonga katika hospitali ya mkoa kuliko miwani yoyote, na ninalisema hili kwa uzito wote.

Kuna jambo jingine ambalo eksirei inalijibu vizuri kuliko vifaa vya bei mbaya, nalo linatuhusu sana sisi. Namba za Lewinnek zilipatikana kwa watu waliozoea viti na vyoo vya kukaa. Mgonjwa wetu anarudi Kongwa au Chamwino kwenye choo cha kuchuchumaa. Atakaa kwenye kigoda akipika, atakaa mkekani akibangua karanga, atasujudu, atainama kupalilia mtama au kukata zabibu Hombolo. Mtu mwenye mgongo mlegevu anapotoka kusimama na kukaa, fupanyonga lake huzungukia nyuma kwa takriban nyuzi 20, na mdomo wa kikombe hufunguka mbele kulipisha paja linalopanda. Mwenye mgongo uliokakamaa halizungushi. Paja linapanda, linagonga ukingo, kichwa kinasukumwa nje. Ndiyo maana nyonga yenye namba nzuri inaweza kuchomoka.

Kulijua hilo kunahitaji picha mbili za ubavuni, moja mgonjwa amesimama na nyingine amekaa. Pima mteremko wa juu ya mfupa wa sakramu, ulio chini ya uti wa mgongo, katika kila picha, kisha toa. Tofauti ikiwa chini ya nyuzi 10, mgongo umekakamaa, na mpango wa upasuaji ubadilike: mgeuko uongezwe, au uchaguliwe kichwa kikubwa zaidi, au vyote viwili. CT-scan, yaani picha za mionzi zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande, haikupi jibu hili kwa sababu mgonjwa amelazwa chali. Na miwani inayoonyesha umbo lililotokana na CT-scan hiyo inaurithi upofu uleule.

CT-scan: ya kweli zaidi, lakini si ya kila mtu

CT-scan ndiyo kipimo ambacho vingine vyote hupimwa nacho. Inaonyesha kikombe na fupanyonga katika pande zote tatu, kwa hiyo kuinama kwa fupanyonga kunaweza kusahihishwa: unaweka bapa linalogusa ncha mbili za mbele za nyonga na mfupa wa kinena, kisha unapima kikombe dhidi ya bapa hilo. Faida yake kubwa, ambayo eksirei ya mbele haina, ni mgeuko wa shina ndani ya paja. Kikombe na shina hufanya kazi pamoja, na wapasuaji wengi hutafuta jumla ya migeuko yote miwili iwe kati ya nyuzi 25 na 50. Nyonga inayochomoka mara kwa mara huku kikombe kikionekana kizuri, mkosaji anaweza kuwa shina.

Gharama yake ni fedha, safari na mionzi. Eksirei ya fupanyonga ni takriban milisieverti 0.6, CT-scan ya kawaida ya eneo hilo ni takriban mara kumi ya hapo, ingawa zipo namna za kupunguza kipimo hicho. Binadamu hupata wastani wa milisieverti 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye mazingira tu. Kwa mzee wa miaka 70 aliyevunjika shingo ya paja, si jambo la kuogopesha. Kwa kijana wa miaka 24 mwenye selimundu ambaye kichwa cha paja kimekufa kwa kukosa damu, na ambaye atapigwa picha maisha yake yote, kila kipimo kiwe na sababu. Na kwa anayetoka Manyoni au Kondoa, CT-scan ni safari ya kuja Dodoma mjini, pengine hadi Hospitali ya Benjamin Mkapa, kulala na kurudi. Usimwite kwa ajili ya namba ambayo haitabadilisha chochote katika matibabu yake.

Tahadhari moja kwa wanaosoma ripoti. Mgeuko unaosomwa kwenye kipande cha mlalo cha CT-scan si ule unaosomwa kwenye eksirei, hata kikombe kikiwa kilekile. Mtafiti Murray alilieleza hili mwaka 1993 alipotenganisha namna tatu za kuitaja pembe hiyo: ya mpasuaji, ya anatomia na ya picha. Kikombe chenye mwinamo wa nyuzi 40 na mgeuko wa nyuzi 15 kwa hesabu ya eksirei kitasomeka na mgeuko wa karibu nyuzi 23 kwenye kipande cha mlalo. Asiyejua hilo atamwambia mgonjwa kwamba kikombe kimegeuka kupita kiasi, na mgonjwa ataondoka na hofu isiyo na msingi.

Miwani ya uhalisia pepe: mahali inapopwaya na mahali inapong'ara

Kama kifaa cha kukagua baada ya upasuaji, miwani haioni chochote yenyewe. Haina mionzi. Inachukua picha za CT-scan zilizogeuzwa kuwa umbo, inakuwezesha kusimama mbele ya umbo hilo na kuweka bapa juu ya mdomo wa kikombe kwa mkono. Vipande vya CT-scan vikiwa vinene, au chuma kikiwa kimetawanya miale na kuchafua picha, makosa hayo yanaingia nayo. Tena yanaongezeka makosa ya mkono unaoelea hewani bila pa kuegemea. Kwenye kompyuta ya mezani unakuza picha, unabofya nukta tatu ukingoni mwa kikombe, unarekebisha moja baada ya nyingine kwa utulivu. Kwa kupima pembe tu, kipanya kinatosha. Anayetaka kujaribu asilipe: programu ya 3D Slicer ni ya bure, inapima kwenye kompyuta, na ina nyongeza ya uhalisia pepe kwa mwenye miwani. Pima kikombe kimoja kwa njia zote mbili, rudia kesho bila kutazama majibu ya jana, ulinganishe mwenyewe.

Katika kupanga, mambo yanaanza kubadilika. Nyonga ya kawaida haihitaji miwani. Ila zipo nyonga zilizozaliwa na tundu lisilo na kina, tundu lililobomoka baada ya ajali ya bodaboda, kikombe cha zamani kilichozama ndani ya fupanyonga na sasa kinapaswa kutolewa. Kwa hizo, skrini bapa inakulazimisha kujenga umbo kichwani kutoka kwenye vipande. Ndani ya miwani unalitazama kwa ukubwa wake halisi, unainama na kuchungulia ukuta wa nyuma umebaki kiasi gani, unamwonyesha mwenzako skrubu itapita wapi. Hapa faida yake ni uelewa wa umbo, na uelewa huo unaweza kubadilisha uamuzi wa mpasuaji. Nyonga za aina hii ni chache kwa mwaka katika hospitali yoyote ya mkoa, lakini ndizo zenye hatari kubwa.

Katika kufundisha, sina shaka. Mwanafunzi anayeshika mpini wa kusukumia kikombe kwa mara ya kwanza hajui nyuzi 40 zinafananaje mkononi. Anaambiwa "inua kidogo", "rudisha", na mgonjwa yuko mezani. Mwaka 2019 watafiti wa Imperial College London walichapisha jaribio la madaktari 24 waliokuwa wakijifunza upasuaji: nusu walifundishwa kwa uhalisia pepe na nusu kwa njia ya kawaida, kisha wote wakapimwa kwenye maiti. Waliotumia uhalisia pepe walikosea mkao wa kikombe kwa wastani wa nyuzi 4, wenzao kwa nyuzi 16. Idadi yao ni ndogo, lakini tofauti hiyo ni ya kutazamwa. Kukosea kwa nyuzi 16 kunapita nyuzi 10 ambazo Lewinnek aliziruhusu.

Ipo pia namna ya bei rahisi ambayo naipenda zaidi kwa mazingira yetu, kwa sababu mkono unashika chuma halisi na unapata uzito wake. Vipo vifaa vidogo vya kufuatilia mwendo vinavyouzwa kwa ajili ya michezo ya uhalisia pepe, kama Vive Tracker iliyotoka mwaka 2017. Masanduku mawili yaliyowekwa kwenye pembe za chumba hufagia chumba kwa miale isiyoonekana, na kifaa hujua mahali kilipo kwa kuhesabu muda miale inapokigusa. Ukifunga kimoja kwenye mpini na kingine kwenye fupanyonga la plastiki, kompyuta inakusomea mwinamo na mgeuko papo hapo. Mwanafunzi anaweka kikombe, anataja nyuzi anazoamini amefikia, kisha anaoneshwa alizofikia kweli. Akirudia hivyo mchana mzima, jicho linaanza kujua.

Cha pili kile, kilichofungwa kwenye fupanyonga, kisisahaulike. Mgonjwa anapolala ubavu, msaidizi wa mpasuaji akivuta mguu, fupanyonga huzunguka bila mtu kuona. Mpini unaopimwa dhidi ya sakafu ya chumba utatoa namba safi isiyohusiana na mgonjwa. Ni kosa lilelile linalompata mpasuaji anayepima kwa macho akifuata ukingo wa meza, na mwanafunzi akilifahamu kwenye plastiki hatalisahau. Epuka pia kuweka sinia za chuma king'avu, vioo na madirisha yasiyofunikwa karibu: miale ikidunda, namba zinarukaruka.

Miwani inayoonyesha na ya nje, na roboti

Kwa haraka, maana hapa uamuzi ni mwepesi. Miwani ya uhalisia pepe hufunika macho, kwa hiyo si ya kuvaa juu ya jeraha lililo wazi. Inayotumika chumba cha upasuaji ni ile inayoweka picha juu ya unachokiona. HoloLens 2 ya Microsoft ndiyo iliyofanyiwa tafiti nyingi, ikiuzwa kuanzia dola 3,500, na mwaka 2024 kampuni ikatangaza kuacha kuitengeneza. Hospitali inayojenga utaratibu wake wote juu ya kifaa kimoja cha aina hiyo ijiulize itafanya nini kikiharibika. Roboti kama Mako ya Stryker huweka kikombe karibu sana na mpango, kwa bei ya takriban dola milioni moja, mbali na vifaa vya kutumia mara moja kwa kila mgonjwa. Kwa fedha hizo mkoa mzima ungeweza kupata mashine za eksirei, mafunzo, na nyonga bandia za kutosha kwa wasioweza kuzilipia.

Jicho na mkono wa mpasuaji mzoefu navyo visitupwe. Kano inayovuka chini ya tundu la nyonga ni dira aliyozaliwa nayo mgonjwa. Mdomo wa kikombe ukiifuata, mgeuko hufuata umbo la mgonjwa mwenyewe. Haichajiwi wala haizimiki umeme ukikatika.

Ningechagua hivi

Hospitali ya wilaya inayofuatilia tu wagonjwa waliopasuliwa kwingine: eksirei ya mbele na ya ubavuni kwa utaratibu uleule kila mara, basi. Hospitali inayobadilisha nyonga: ongeza picha za kusimama na kukaa kabla ya upasuaji kwa kila mwenye umri mkubwa au maumivu ya mgongo, na CT-scan kwa nyonga ngumu na zile zinazochomoka. Mahali panapofundishwa madaktari bingwa, na hapa nawazungumzia wenzangu wa chuo waziwazi: nunueni vifaa vya kufuatilia mwendo na mafupanyonga ya plastiki kwanza, miwani baadaye, na viwe chumba cha mafunzo, si ofisini kwa mkuu. Miwani mingi ya kawaida inapatikana kwa dola mia chache, ila inayofanya kazi na CT-scan huhitaji kompyuta yenye kadi ya picha yenye nguvu, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya bei. Ulizeni kama itafanya kazi bila intaneti. Nunueni vifuniko vya uso vinavyofutika, kwa kuwa watu kumi watavaa miwani moja, na mfuko wa kuihifadhi, kwa kuwa vumbi letu la kiangazi huingia kila mahali na lenzi ikikwaruzwa haitengenezeki. Picha za CT-scan zitolewe jina kabla ya kuingizwa humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu wagonjwa wetu pia.

Na wewe unayemuuguza mzazi aliyebadilishiwa nyonga, usihangaike kuuliza kama hospitali ina miwani. Muulize daktari: "Kikombe cha mama kina mwinamo na mgeuko wa nyuzi ngapi, na mgongo wake unakunjika vya kutosha achuchumae?" Akijibu hayo mawili, amepima kinachohitajika. Kisha omba nakala ya picha ya kwanza iliyopigwa baada ya upasuaji, uihifadhi, na uende nayo kila kliniki, kwa sababu kikombe kilicholegea hutambulika kwa kulinganisha nyuzi za leo na za siku ile.